Meza ya Uwanja wa Ndege

Baba yangu alikuwa na jozi tatu za glavu nyeupe. Kila Jumamosi usiku Mama alizifua kwa sabuni ya mche, akazisuuza kwa maji yenye buluu kidogo, kisha akazianika kwenye kamba ya ndani, kwa kuwa nje zingeingia vumbi. Jozi ya kwanza ilikuwa ya kazi, ya pili ya akiba. Ya tatu haikuvaliwa kamwe. Ilikaa sandukuni pamoja na cheti cha ndoa na stakabadhi za kodi ya kichwa. Kwa miaka ishirini na mmoja Baba alikuwa weta katika mkahawa wa uwanja wa ndege wa mji wetu. Weta ndilo neno alilolitumia mwenyewe. "Mhudumu" lilikuja baadaye, na yeye hakulizoea. Sitautaja uwanja huo wala kampuni iliyouendesha mkahawa, maana wengi wa waliohusika wamekwisha kutangulia mbele ya haki, nami siandiki ili kumshtaki mtu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa ghorofani, na ukuta wake mmoja ulikuwa wa kioo kitupu, ukitazama njia ya kurukia ndege. Vitambaa vya meza vilipigwa wanga hata vikasimama kama karatasi. Nyumbani Baba alitufundisha kupanga meza juu ya mkeka kwa vijiti vya miembe: uma upande wa kushoto, kisu kulia na makali yake yaelekee sahani, kijiko cha supu nje ya kisu, na kikombe mkono wake uelekee mkono wa kuume wa mgeni. Tulikuwa watoto watano, na sote tuliijua meza ile kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Kuila chakula chake hatukupata kukila.

Mwaka 1971 kaka yangu mkubwa alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani. Baba alianza kuweka akiba katika kopo la maziwa ya unga. Mwezi mmoja kabla ya safari alimwendea meneja wake akamwomba, kwa pesa zake mwenyewe, meza ya watu saba siku ya kuondoka kwa kijana. Meneja hakukataa. Siku ilipofika Mama alivaa baibui jipya, sisi wadogo tulipakwa mafuta hata tukang'aa kama birika, na kaka alivaa suti iliyoshonwa na fundi wa mjini ambaye deni lake lilikuja kumalizika mwaka uliofuata. Tulipofika juu tukaambiwa meza imekwisha kuchukuliwa na abiria wa ndege iliyochelewa. Na tena, kwa kawaida, wafanyakazi na jamaa zao hawakai mezani.

Tulitoka kwenye baraza la kuagia wasafiri, tukala maandazi ambayo Mama alikuwa ameyafunga katika kanga. Alikuwa na desturi ya kutoamini miadi ya watu wa ofisini. Baba alikuwa zamuni. Tulimwona kupitia kioo akipita na sahani tatu katika mkono mmoja, glavu zake nyeupe, uso wake haumjui mtu. Ndege ya kaka ilichelewa karibu saa mbili. Kwa saa mbili hizo meza ya watu saba iliyokuwa pembeni, karibu na kioo, haikukaliwa na mtu yeyote. Nilizihesabu leso zake zilizokunjwa kama mapanga ya mnanasi. Kaka naye alizitazama, akageuka kuangalia ndege.

Usiku ule Mama aliuliza, "Baba watoto, wale abiria walikuja?" Baba alijibu kwamba mezani hukaa mgeni, na anayehudumia hakai. Alilisema kama mtu anayesoma sheria ya nchi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na nilimkasirikia yeye kuliko meneja.

Nilipokuwa mtu mzima nilijiuliza mara nyingi: kwa nini mahali pa kupanda ndege pawe na uma tatu upande wa kushoto? Stendi ya mabasi ina chai na chapati, na hakuna anayelalamika. Kwa kutafuta jibu nimesoma mambo mengi ambayo mwalimu wa historia, ambayo ndiyo kazi yangu, hakulazimika kuyajua.

Jibu la kwanza ni petroli. Ndege za zamani hazikuweza kwenda mbali bila kutua. Mwaka 1937 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways zilianza kushuka kutoka Uingereza hadi Durban, zikifuata mto Nile, zikatua Ziwa Victoria, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Naam, Lindi. Usiku haziruki, abiria wanashushwa kwa mashua na kupelekwa hotelini, wanakula na kulala. Nauli ilikuwa ya matajiri na maofisa, kwa hiyo chakula nacho kilipaswa kuwa cha watu wa namna hiyo. Mahali pa kujaza mafuta pakawa mahali pa kujaza tumbo.

Kisa kinachonipendeza zaidi katika enzi hiyo ni cha Foynes, kijiji kidogo cha Ayalandi kwenye mlango wa mto Shannon. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za majini zilizovuka Atlantiki zilitua pale, na mwaka 1943 serikali ya nchi hiyo ilimkabidhi kijana mmoja, Brendan O'Regan, kazi ya kuendesha mkahawa wa uwanjani. Ayalandi ilikuwa nchi maskini iliyojitoa katika utawala wa Waingereza miaka michache tu nyuma, na ilitaka mgeni anaposhuka aonje mkono wa mwenyeji. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa baridi kali ndege ilirudishwa na dhoruba, abiria wakaingia wakitetemeka, na mpishi Joe Sheridan akawatilia wiski katika kahawa, na krimu juu yake. Ndiyo asili ya kahawa ya Kiayalandi, ambayo mwaka 1952 ilianza kuuzwa San Francisco na sasa imo katika orodha za hoteli kubwa duniani. Mimi siinywi, kwa sababu zinazojulikana, lakini naielewa. Ndege za majini zilipokwisha, O'Regan alihamia uwanja wa Shannon ng'ambo ya pili ya mto. Mwaka 1947 alifungua duka la bidhaa zisizotozwa ushuru, la kwanza duniani katika uwanja wa ndege, na mwaka 1951 chuo cha kufundisha kazi ya hoteli. Chuo! Baba yangu alifundishwa kazi kwa kupigwa kijiko cha mbao vidoleni.

Jibu la pili nililipata Newark, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1996, nilipokwenda kumchukua kaka yangu.

Kaka hakurudi nyumbani. Alisoma, akafanya kazi, akaandika barua ambazo zilipungua mwaka hadi mwaka, na Machi mwaka ule moyo wake ulisimama akiwa kazini. Nilikaa huko siku tisa nikifuatilia karatasi za kusafirisha mwili. Jirani yake, bibi Mmarekani mweusi aliyekuwa amekwisha kupita miaka sabini, alinipikia kila siku, na kila siku alinisimulia jambo moja ili nisikae kimya. Siku moja nilimwambia kwamba baba yetu alikuwa weta wa uwanja wa ndege. Akacheka kwa furaha. Akaniambia kwamba katika ujana wake, ukitaka kula chakula kizuri kweli Newark, ulikwenda uwanjani. Mumewe alimpeleka mwaka wa kumi wa ndoa yao. Hawakuwa wanasafiri kwenda popote. Weta alimvutia kiti, na mwishoni ikaja keki yenye fataki inayowaka, mkahawa mzima ukageuka kumtazama.

Nilidhani ni chumvi ya uzee. Baadaye nilisoma, nikakuta bibi yule hakuongeza kitu.

Uwanja wa Newark ulikuwa umepatwa na msiba mkubwa. Kati ya Desemba 1951 na Februari 1952 ndege tatu zilianguka katika mji jirani wa Elizabeth, zikaua zaidi ya watu mia moja, wengine wakiwa majumbani mwao. Uwanja ukafungwa hadi Novemba 1952. Mwaka uliofuata likafunguliwa jengo jipya la abiria, na ndani yake mkahawa ulioitwa The Newarker. Hebu fikiri, msomaji: watu wa mji walikuwa wakiiogopa ile sauti ya ndege juu ya mapaa yao, na mtu anakuja kuwaambia wavae nguo za Jumapili wakale pale pale zinapotokea.

Mtu huyo alikuwa Joe Baum, aliyeajiriwa na kampuni ya Restaurant Associates, ambayo mpaka wakati huo ilijulikana kwa mikahawa ya kawaida ya kahawa na mayai. Mpishi mkuu alikuwa Mswisi, Albert Stockli. Mwaka wa kwanza walikula hasara. Baum hakupunguza kitu, aliongeza. Vyakula viliwashwa moto mbele ya mgeni. Kambakoche aliletwa na magando matatu badala ya mawili. (Kambakoche wetu wa pwani hana magando kabisa, kwa hiyo nilipokisoma kisa hiki nilihitaji kutazama picha.) Na aliyeagiza nusu dazeni ya chaza aliletewa saba. Ila huyo wa saba hakuwekwa pamoja na wenzake. Alikuja katika sahani yake peke yake, ili mgeni ajue kwamba ameongezwa.

Muuza nyanya yeyote wa sokoni kwetu angemwelewa Baum bila mkalimani. Nyongeza hutiwa mwisho, baada ya fungu kukamilika, mbele ya macho ya mnunuzi. Ukiichanganya mapema huwezi kusifiwa kwayo. Wateja wakaja, na wengi wao hawakuwa abiria. Walitoka mjini na vitongojini, wakala, wakatazama taa za ndege, wakarudi nyumbani. Kutokana na faida na sifa za uwanjani, kampuni ile ilipata ujasiri wa kuingia New York kwenyewe: mwaka 1957 ikafungua Forum of the Twelve Caesars, na mwaka 1959 The Four Seasons, ambao Stockli alikuwa mpishi wake wa kwanza. Wanaoandika historia ya upishi wa Marekani huutaja sana huo wa mwisho. Nadhani wanaanza hadithi katikati.

Wafaransa walikuwa na jambo lao la kufanana na hilo. Februari 1961 Rais de Gaulle alifungua jengo jipya la Orly, kusini mwa Paris, lenye mikahawa, sinema na mabaraza ya kutazamia ndege. Familia zilikwenda kushinda huko Jumapili. Katika miaka ile ya sitini Orly ilipata wageni wengi kuliko mnara wa Eiffel, na sehemu kubwa yao hawakuwa na tiketi ya kwenda popote. Hata kwetu, waliokuwa watoto wakati huo watakumbuka: Jumapili mtu alikwenda uwanjani kuangalia ndege kama anavyokwenda ufukweni kuangalia majahazi. Tofauti ilikuwa ni nani anaruhusiwa kuvuka kioo.

Basi hapo ndipo ninapoiona historia yenyewe ya jambo hili: ni historia ya mlango. Waandishi wa vyakula hutazama sahani, na sahani zimebadilika kweli, lakini mlango ndio uliohama. Miaka ya mwisho ya sitini ndege nyingi zilitekwa nyara, na kuanzia Januari 1973 kila abiria wa Marekani akawa anakaguliwa kabla ya kupanda. Orly ilishambuliwa kwa makombora Januari 1975, mara mbili katika mwezi mmoja, na mabaraza yale ya Jumapili yakafungwa. Hata hivyo Newark, nilipokuwa huko mwaka 1996, bibi yule aliweza kunisindikiza hadi mlango wa ndege. Alipitisha mkoba wake katika mashine, akachukua upande wa pili, akaja kukaa nami mpaka walipoita.

Asingeweza kufanya hivyo miaka mitano baadaye. Na hapa mambo yanakutana kwa namna ambayo sikuitafuta. Mamlaka ile ile ya bandari iliyoendesha uwanja wa Newark ndiyo iliyojenga minara miwili ya World Trade Center, na mwaka 1976 Joe Baum alifungua juu ya mnara wa kaskazini, ghorofa ya 106 na ya 107, mkahawa wa Windows on the World. Tarehe 11 Septemba 2001 zaidi ya wafanyakazi sabini wa mkahawa huo walikufa kazini: wapishi, waosha vyombo, maweta, wengi wao wahamiaji kutoka kila pembe ya dunia. Moja ya ndege nne zilizotekwa asubuhi ile ilikuwa imeruka kutoka Newark. Baum mwenyewe hakuyaona. Alikuwa amefariki mwaka 1998. Baada ya siku hiyo asiye na tiketi hakupita tena, na katika mikahawa iliyo ndani ya ukaguzi visu vya chuma viliondolewa, mtu akakata nyama yake kwa plastiki.

Ajabu ni kwamba chakula kizuri kilirudi, na kilirudi upande wa ndani. Mwaka 2008 Gordon Ramsay alifungua Plane Food katika jengo jipya la tano la Heathrow. Mwaka huo huo Atlanta, uwanja wenye abiria wengi kuliko wote duniani, ulipata One Flew South, ambako Duane Nutter alipika vyakula vya kusini mwa Marekani karibu na meza ya sushi. Sababu si ngumu. Abiria anafika mapema kwa hofu ya foleni ya ukaguzi, ndege zenyewe zimepunguza chakula, na hawezi kutoka kwenda kwingine. Ni mgeni aliyefungiwa. Zamani Baum alilazimika kumvuta mtu kutoka kitandani kwake kwa chaza wa saba; mpishi wa leo ameletewa mtu na amefungiwa mlango. Sisemi kwamba anapika vibaya. Pengine anapika vizuri zaidi. Lakini hakuna tena bibi wa Newark anayevaa kofia yake kwenda kula huko na mumewe.

Mwaka 2017 katika uwanja huo huo wa Newark palikuwa na mkahawa uliofichwa ndani ya mkahawa mwingine, wa wale tu walioalikwa na shirika la ndege la United. Hakuna kibao mlangoni. Mwaka huo huo wa 2017, kinyume chake, uwanja wa Pittsburgh ulianza kuwaruhusu watu wasio na tiketi kuingia ndani wakisha kukaguliwa, wa kwanza Marekani kufanya hivyo tangu 2001; na ndio uwanja uliokuwa umeagiza tangu 1992 kwamba bei za ndani zisizidi za mjini. Ningekuwa nafundisha bado ningewapa wanafunzi habari hizi mbili kama swali la mtihani.

Nilirudi na kaka mwezi Aprili 1996. Baba alikuwa amestaafu miaka mingi, macho yake yameanza kufifia, na alikuwa uwanjani tangu alfajiri, ingawa ndege ilitua saa tano. Sanduku lilikuwa upande wa mizigo. Palihitajika mihuri minne, na mwenye muhuri wa tatu alikuwa amekwenda kula. Nikamshika Baba mkono nikampandisha ghorofani, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine penye kivuli na kiti.

Mkahawa ulikuwa umebadilika. Viti vilikuwa vya plastiki vyenye nembo ya soda, vitambaa vya meza vilikuwa vya nailoni yenye maua, na kioo kilikuwa na ufa uliozibwa kwa utepe. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Baba alisimama karibu na meza ya pembeni, kama anayengoja kuambiwa. Nikamvutia kiti. Alikaa taratibu, ukingoni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti.

Kijana mmoja alituletea chai katika vikombe vya udongo, akaviweka kwa haraka akaondoka. Kikombe cha Baba mkono wake ulielekea kushoto. Alikiangalia kitambo, akakigeuza kwa vidole viwili mpaka ukaelekea kuume. Kisha akanyoosha mkono akageuza na changu. Palikuwa na kiti cha tatu pale mezani. Alichukua kijiko kilichobaki katika sinia akakiweka mbele ya kiti hicho, sambamba na ukingo wa meza, kwa umbali wa kidole gumba, kama alivyotufundisha kwa vijiti vya miembe.

Tulikaa hadi karibu saa nane, walipotuita. Chai yake hakuigusa. Alipoinuka alitoa noti mfukoni, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kisahani.